Ondoka au baki? Kisa cha moto wa Pedrógão Grande

Baadhi ya nyumba zilizokutwa zimesimama salama asubuhi ya Jumapili, tarehe 18 Juni 2017, katika vijiji vya Pedrógão Grande nchini Ureno, hazikuwa na wenyewe tena. Wenyewe walikufa usiku uliotangulia, mahali si mbali na hapo, ndani ya magari waliyopanda ili waukimbie moto au kando yake. Nyumba walizozikimbia hazikuungua.

Moto huo uliua watu 66 na kujeruhi zaidi ya 250. Takriban 30 kati ya waliokufa walikutwa ndani ya magari, katika kipande kifupi cha barabara EN 236-1 inayounganisha Figueiró dos Vinhos na Castanheira de Pera. Ureno imezoea moto wa misitu kila kiangazi, lakini haikuwahi kuzika watu wengi hivyo kwa moto mmoja.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama habari ya zimamoto walioshindwa kazi, au ya askari wa barabarani waliokosea, au ya hali ya hewa ambayo hakuna binadamu angeiweza. Kila simulizi ina chembe yake ya ukweli. Ila nikiupitia mwendo wa siku ile saa baada ya saa, naona jambo moja limekaa katikati ya mengine yote. Kuanzia alasiri hadi jioni, wakazi hawakupata jibu la swali moja tu: tuondoke au tubaki? Ilipofika zamu ya kila mmoja kujiamulia, muda wa jibu zuri ulikuwa umeshapita, na mtu aliyeachwa peke yake mbele ya moto, miguu yake humjibia.

Nchi iliyobaki na wazee

Pedrógão Grande ni manispaa ndogo ya mkoa wa Leiria. Sensa ya 2011 ilihesabu watu wasiofika 4,000, na kila sensa kwa miongo mingi ilikuwa ikipunguza idadi. Vijana walikwenda Lisbon, Ufaransa, Uswisi, popote penye kazi. Waliobaki ni wazee, wakiwa wametawanyika katika vijiji vidogo vyenye nyumba chache chache, vingine vikipata uhai Jumamosi na Jumapili tu, wajukuu wakija kusalimia.

Kuhama huko kulibadilisha moto wenyewe. Zamani kijiji kilizungukwa na mashamba ya mahindi, mizabibu na mizeituni, na mbuzi walikula vichaka vilivyokuwa vinachipua pembeni. Hakuna aliyeyaita hayo kinga moto, lakini ndivyo yalivyofanya kazi: moto ukitoka msituni ulikutana na ardhi iliyolimwa, ukakosa chakula. Watu walipoondoka, vichaka vilirudi, vikafuatwa na misonobari na mikaratusi.

Mkaratusi uliletwa Ureno kutoka Australia katika karne ya 19, na leo umechukua takriban robo ya misitu yote ya nchi kwa ajili ya viwanda vya karatasi. Mwenye kiwanja anayeishi mbali huupenda kwa sababu rahisi: haudai matunzo, na baada ya miaka kumi na kitu unauzika. Tatizo ni tabia zake. Majani yake yana mafuta, na gome lake huchunika kwa vipande virefu vikavu ambavyo upepo huvinyanyua vikiwa vinawaka na kwenda kuvidondosha mbali, mbele ya moto wenyewe. Kwa hiyo moto wa mikaratusi hauji kama mstari unaosogea. Huruka.

Serikali ya Ureno inamiliki sehemu ndogo sana ya misitu, karibu asilimia 3. Iliyobaki ni ya watu binafsi, imekatwakatwa kwa mirathi hadi viwanja vingine vinatosha miti michache tu, na katika maeneo ya kaskazini na kati vingi havikuwa hata na ramani ya umiliki. Utamwandikia nani barua ya kufyeka?

Na barua ya kufyeka ilikuwapo. Sheria ya 2006 iliwataka wenye ardhi wafyeke mita 50 kuzunguka nyumba, na wasimamizi wa barabara wafyeke mita 10 kila upande. Kando ya EN 236-1, miti ilisimama hadi ukingoni mwa lami. Ni rahisi kusema sheria ilipuuzwa. Mimi naona iliandikwa kwa nchi yenye watu, ikapelekwa kwenye nchi ambayo watu wake walishaondoka. Mzee wa miaka 80 hafyeki mita 50 za vichaka, na mwenye kiwanja cha jirani huenda alishafariki Paris.

Alasiri

Taarifa ya kwanza ya moto ilipokelewa siku ya Jumamosi, tarehe 17 Juni, ikikaribia saa tisa alasiri. Ulikuwa mahali paitwapo Escalos Fundeiros. Joto lilipita nyuzi 40, ardhi ilikuwa kavu baada ya majira yenye mvua haba, na mawingu ya ngurumo zisizo na mvua yalikuwa yanajikusanya.

Chanzo kilizua ubishi. Polisi wa upelelezi walisema mwanzoni kwamba ni radi. Miezi michache baadaye, timu ya Profesa Domingos Xavier Viegas wa Chuo Kikuu cha Coimbra, mtu aliyeutumia utafiti wake karibu wote kwenye moto wa misitu, ilihitimisha kwamba miti iligusana na waya za umeme wa kilovolti 25. Mkuza wa umeme, yaani ile njia inayopaswa kubaki wazi chini ya nyaya, haukuwa umefyekwa ipasavyo. Moto wa pili ulizuka mahali paitwapo Regadas zaidi ya saa moja baadaye, na huo nao timu hiyo iliuhusisha na nyaya.

Tarehe nayo ina maana yake. Wakati ule Ureno iliugawa mwaka wa moto kwa awamu zilizopewa majina ya herufi za redio. Awamu ya Charlie, yenye nguvu kamili ya watu, magari na ndege, ilianza tarehe 1 Julai. Tarehe 17 Juni ilikuwa bado Bravo. Baadhi ya minara ya ulinzi msituni haikuwa na mtu, na sehemu ya vikosi haikuwa imeitwa kazini. Hali ya hewa ilikuwa ya Agosti, ratiba ilikuwa ya Juni, na katika kuligawa jeshi la moto, ratiba ndiyo iliyofuatwa.

Zimamoto wa kwanza walifika haraka. Walikuwa wa kujitolea, kama walivyo wengi nchini humo: mwalimu, fundi, muuza duka, watu wanaovaa sare kengele ikilia. Walijaribu kuuzima moto ukiwa mdogo, ukawaponyoka. Hakuna aibu katika hilo. Kwa joto lile na vichaka vile, moto ukishakosa kuzimwa katika dakika za mwanzo huwa mchezo mwingine kabisa. Alasiri hiyohiyo moto mwingine mkubwa uliwaka Góis, ndani ya safu ileile ya milima, na wasimamizi wakawa wanagawa magari na ndege kati ya pande mbili.

Hapa ndipo napenda kukaa kwa muda, kwa sababu kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni ndimo kisa kilimoamuliwa.

Kiongozi wa kwanza kwenye moto huwa na kazi mbili zinazogombana. Ya kwanza iko mbele ya macho yake: mwali ule pale, gari hili hapa, maji yamebaki kiasi gani. Ya pili haionekani: moto huu utakuwa wapi baada ya saa tatu, na nani anaishi hapo? Kazi ya kwanza hupiga kelele, ya pili hunyamaza. Mtu mmoja akipewa zote mbili, ile yenye kelele hushinda kila mara. Ndiyo maana vikosi vilivyozoea humweka mtu wa pili nyuma, akiwa na ramani, utabiri wa upepo na simu, na humkataza kabisa kushika mpira wa maji. Kazi yake ni kuwaza tu.

Pedrógão Grande haikumpata mtu huyo kwa wakati. Uongozi ulibadilika mikono, kituo cha amri kikahamishwa zaidi ya mara moja, na kila makabidhiano yalidondosha kitu njiani: nani ameshatumwa wapi, kijiji gani kimepitiwa, barabara ipi iko wazi. Tume huru ya wataalamu 12 iliyoundwa na Bunge ilikuja kusema kwamba hatari ya moto haikutambuliwa mapema kwa ukubwa wake, na kwamba onyo la mapema kwa wakazi lingeweza kuepusha vifo vingi.

Kwa maoni yangu, saa kumi au kumi na moja jioni ilibidi mtu aseme kwa sauti sentensi ambayo hakuna zimamoto anayependa kuitamka: moto huu leo hatuuzimi. Baada ya sentensi hiyo kazi hubadilika papo hapo. Magari hayafukuzii tena mwali, yanapelekwa vijijini. Orodha ya vijiji vilivyo mbele ya upepo inatolewa, polisi wanaambiwa ni barabara zipi zifungwe kabla hazijashika moto, kengele za makanisa zinagongwa. Wanaoweza kuondoka wanaondoka wakati barabara bado ina hewa, na wasioweza wanakusanywa kwenye jengo moja imara. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji ndege. Kinahitaji mtu aliyekubali kwamba ameshindwa jambo moja ili awahi jingine.

Ni rahisi kwangu kusema hivyo nikiwa nimeketi, najua. Lakini kushindwa kutamka sentensi hiyo si udhaifu wa mtu mmoja. Mfumo mzima ulikuwa umejengwa juu ya kuzima: takwimu zilihesabu moto uliozimwa haraka, na kwa kawaida moto mwingi wa Ureno ulizimwa kweli ukiwa mdogo. Kiongozi aliyezoea kushinda mara tisa kati ya kumi hatambui upesi kwamba hii ni ile ya kumi.

Nguzo iliyoanguka

Jioni moto wa Escalos Fundeiros na ule wa Regadas ulielekea kuwa mmoja. Juu yake ilisimama nguzo ya moshi na hewa moto, kubwa kiasi cha kujitengenezea upepo wake. Nguzo ya namna hii hufanya kazi kama bomba la moshi: hewa moto inapanda, hewa ya pembeni inavutwa ndani, mwali unapata pumzi. Inapoendelea kupanda, angalau upepo ulioko chini una mwelekeo unaoeleweka.

Kisha, karibu na saa mbili usiku, ngurumo zile zikaingia kwenye mchezo. Hewa nzito iliyopozwa ndani ya mawingu ya radi ilishuka kwa kasi, ikagonga ardhi, ikasambaa pande zote kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Moto uliokuwa na uso mmoja, yaani upande mmoja wa mbele unaosonga, ukapata nyuso nyingi kwa mara moja. Katika saa moja tu uliteketeza zaidi ya hekta 4,000. Kasi hiyo haina gari la zimamoto linaloifikia.

Mwezi Juni nchini Ureno jua huzama karibu na saa tatu usiku, kwa hiyo saa mbili bado ni mchana. Walionusurika walisema kulikuwa giza. Moshi ulikuwa umefunika kila kitu, taa za magari hazikuona zaidi ya hatua chache, vipande vya gome vinavyowaka vilipita hewani kama mvua ya ubavuni, na upepo ulikuwa na sauti ya kitu kinachokuja kila upande.

Wapo wanaoishia hapa: upepo ule haukutabirika, basi hakuna wa kulaumiwa. Upepo wenyewe, sawa, ungekuwa mgumu kutabiri kwa dakika. Lakini mawingu ya ngurumo yalikuwa yanaonekana, moto mkubwa usiodhibitiwa ulikuwa na umri wa saa tano, na vijiji vilikuwa palepale vilipokuwa siku zote. Huhitaji kujua dakika ambayo paa litaanguka ili uwatoe watu ndani ya nyumba iliyopasuka.

Barabara

Sasa ingia ndani ya nyumba moja katika kijiji kama Pobrais au Várzeas, dakika chache kabla ya saa mbili. Umeme umekatika. Simu inakamata na kupoteza. Hakuna aliyepita na kipaza sauti. Mbingu imekuwa nyekundu, kisha nyeusi. Gari liko nje, funguo ziko mfukoni, na barabara ya lami iko mwendo wa dakika chache. Watoto wanalia. Mtu yeyote angefanya nini?

Barabara kuu ya IC8 ilikuwa imefungwa jioni hiyo kwa sababu ya moto. EN 236-1 haikufungwa kwa wakati. Kulikuwa na mjadala mkali wa kama askari waliyaelekeza magari huko. Lakini wengi wa waliokufa walikuwa wametoka vijiji vya kandokando, wameingia barabarani wenyewe, wakifuata mantiki ambayo sote tungeifuata: barabara ni njia ya kutokea.

Gari ni mahali pabaya sana pa kukutana na uso wa moto. Kioo hupitisha joto la mionzi kabla hata mwali haujagusa bati, kisha hupasuka. Matairi yanashika, plastiki za ndani zinatoa moshi wa sumu. Moshi wa nje unamfanya dereva asione, anagonga mti au gari lililo mbele, na gari moja lililosimama linawafungia njia wote walio nyuma. Hata waliofunzwa hawakupona: gari la zimamoto wa kujitolea wa Castanheira de Pera liligongana na gari dogo ndani ya moshi, zimamoto wakashuka kujaribu kuwaokoa waliokuwemo, moto ukawakuta. Mmoja wao alifia hospitalini.

Nyumba hufanya kazi tofauti. Nyumba za vijiji vile ni za mawe au matofali, zimeezekwa vigae. Uso wa moto wa msituni hupita mahali pamoja kwa dakika chache tu, kwa sababu majani na vichaka huisha upesi. Nyumba, hata ikishika moto, huchukua muda mrefu zaidi kuteketea, nayo kwa kawaida huanza kwa cheche iliyojipenyeza chini ya kigae au kwenye dirisha lililovunjika. Kwa hiyo mtu aliyejifungia ndani, madirisha yamefungwa, mapazia yameondolewa, ndoo za maji zimejazwa, anapata ngao katika zile dakika mbaya kuliko zote. Uso ukishapita anaweza kutoka, akazima cheche, au akasimama kwenye ardhi iliyokwisha kuungua, ambayo haiwezi kuungua tena. Uchunguzi wa timu ya Coimbra ulionyesha kwamba wengi walikufa wakikimbia na ni wachache waliokufa ndani ya nyumba.

Nodeirinho, kijiji kilichopoteza watu 11, kina mfano unaotajwa sana. Watu 12, wakiwemo wazee, waliingia ndani ya tangi la maji na kukaa humo hadi moto ulipopita. Wote walipona. Hakuna mpango wa serikali uliolitaja tangi hilo. Lilikuwa pale kwa ajili ya kumwagilia bustani.

Je, jibu basi ni kubaki? Hapana, na hapa inabidi kuwa mwangalifu. Australia ilikuwa na sera mashuhuri iliyowaambia watu wajiandae, kisha ama wabaki wailinde nyumba ama waondoke mapema. Tarehe 7 Februari 2009 moto wa jimbo la Victoria uliua watu 173, na 113 kati yao walikufa ndani ya nyumba. Nyumba nyingi kule zilikuwa katikati ya msitu, na siku ile moto ulipita kipimo ambacho sera ilikifikiria. Tume ya uchunguzi ya Australia ikalazimika kusisitiza upya kwamba katika siku mbaya kabisa, kuondoka mapema ndiyo njia ya salama.

Ukiyaweka maafa haya mawili pamoja, yanakubaliana kuliko inavyoonekana. Kuondoka ni salama asubuhi na alasiri. Kubaki ni salama pale tu nyumba ilipoandaliwa na ardhi kuizunguka ilipofyekwa. Kinachoua kuliko vyote ni mchanganyiko wa hivyo viwili: kubaki bila maandalizi hadi dakika ya mwisho, kisha kuondoka. Watu wa Pedrógão Grande hawakuuchagua mchanganyiko huo kwa ujinga. Waliachiwa huo tu.

Redio zilizonyamaza

Mtandao wa redio za dharura wa Ureno, uitwao SIRESP, uliyumba usiku ule. Sababu ni ya kawaida mno: nyaya zilizounganisha vituo zilipita juu ya nguzo, kando ya barabara, katikati ya miti, moto ukaziunguza. Mfumo ulioundwa kwa ajili ya maafa ulitegemea waya ambao maafa yaleyale yangeukata kwanza. Baadaye njia mbadala ya setilaiti iliongezwa, na mwaka 2019 serikali ikanunua hisa zote zilizokuwa mikononi mwa kampuni binafsi.

SIRESP ililaumiwa sana, pengine kupita sehemu yake. Redio inabeba amri, haiitungi. Kwa saa kadhaa kabla ya nyaya kuungua, njia za kusema zilikuwapo. Kilichokosekana ni kitu cha kusema.

Baada ya hapo

Moto uliwaka kwa takriban wiki moja. Zaidi ya zimamoto 1,000 walifika, na ndege zilitoka Hispania na Ufaransa. Pamoja na ule wa Góis, moto huo uliteketeza zaidi ya hekta 45,000, na nyumba zipatazo 500 ziliharibiwa, nyingine kwa sehemu tu. Tume ya Bunge ilitoa ripoti yake tarehe 12 Oktoba 2017. Siku tatu baadaye, tarehe 15 Oktoba, wimbi jingine la moto liliua watu wapatao 50 katika maeneo ya kati na kaskazini. Awamu ya Charlie ilikuwa imekwisha mwezi Septemba, vikosi vimepunguzwa. Ratiba ileile, upande wa pili wa kalenda. Waziri wa Mambo ya Ndani, Constança Urbano de Sousa, alijiuzulu siku chache baada ya hapo.

Kesi ya jinai ilisikilizwa Leiria. Washtakiwa 11, miongoni mwao kamanda wa zimamoto wa kujitolea wa Pedrógão Grande, wafanyakazi wa kampuni ya umeme na ya barabara na viongozi wa manispaa, waliachiwa huru wote mwezi Septemba 2022. Familia za waliokufa ziliumia, na nawaelewa. Hata hivyo sijawahi kuamini kwamba kumfunga kamanda wa kujitolea kungeeleza chochote kuhusu mfumo uliomwachia mtu mmoja moto ule pamoja na vijiji vyote vilivyokuwa mbele yake.

Hatua niliyoiona ina akili zaidi ni ya 2018, mpango uitwao Aldeia Segura, Pessoas Seguras, yaani Kijiji Salama, Watu Salama. Kila kijiji kinachojiunga huteua mkazi wake kuwa afisa usalama wa mahali hapo. Huchagua jengo au uwanja wa kukimbilia, huweka alama za njia, hufanya mazoezi. Hapo swali la kuondoka au kubaki linajibiwa mwezi Machi, watu wakiwa wametulia, badala ya saa mbili usiku ndani ya moshi. Nani ana gari, nani hawezi kutembea, nani ana ufunguo wa kanisa, tangi la maji liko kwa nani. Afisa hahitaji redio ya gharama. Anahitaji kujua kwamba mama wa nyumba ya mwisho hasikii vizuri, kwa hiyo mlango wake unagongwa kwa nguvu.

Udhaifu wa mpango ni uleule wa nchi yenyewe: afisa usalama naye ana miaka 70, na mwaka ujao huenda asiwepo. Kwa upande wa ardhi, manispaa za eneo lililoungua zilikuwa kati ya za kwanza kuandikisha viwanja upya kwa mfumo mpya wa kumbukumbu, na sheria ya 2017 ikazuia mashamba mapya ya mikaratusi. Ile iliyoungua haikusubiri sheria. Mkaratusi hauhitaji kupandwa upya, huchipua kutoka kwenye kisiki, na moto huzifungua mbegu zake. Milima ya Pedrógão Grande ilikuwa kijani tena kabla ya ripoti kumaliza kusomwa.

Kijiji kimoja, Ferraria de São João katika manispaa ya Penela, kilisalimika moto ulipofika mialoni ya zamani yenye gome nene, ile itoayo vizibo vya chupa. Mwali uliotoka kwenye mikaratusi ulifika hapo ukalegea. Wakazi walikutana, wakapiga kura, wakapima mita 100 kuzunguka nyumba zao, na kwa idhini ya wenye viwanja wakang'oa mikaratusi pamoja na visiki vyake. Mahali pake walipanda miti inayoungua polepole, mialoni ileile ikiwemo. Mwaloni wa aina hiyo hukaa takriban miaka 25 kabla ya kubanduliwa gome kwa mara ya kwanza, na baadhi ya waliochimba mashimo siku ile walikuwa wameshapita miaka 70.